Nyumba Mbili, Mpaka Mmoja: Nani Hujibu Kodi Wanandoa Wanapotengana?



Ukisimama asubuhi mjini Busia, upande wa Kenya, utawaona watu wakivuka mpaka kama wavukao barabara. Mwalimu analala Uganda na kufundisha Kenya. Mama anauza samaki Kenya na kununua ndizi Uganda. Ndoa pia huvuka. Si ajabu kumkuta mke ana kazi Busia na mume ana kazi Tororo, na watoto wana nyanya pande zote mbili za mto.

Ndoa hizo, kama ndoa nyingine popote duniani, wakati mwingine huvunjika. Hapo huzuka maswali ya watoto, ya shamba na ya mahari. Swali moja huchelewa kuulizwa, nalo ndilo ninalotaka tulichunguze leo: wanandoa wakitengana, nani hujibu kuhusu kodi ya mapato? Nimelichagua kwa kuwa lina historia ndefu katika eneo letu, na kwa kuwa kutolijua kumewaumiza watu ninaowafahamu.

Kwanza tuyatenge maneno, maana hili ni darasa la Kiswahili. Kutengana si kutalikiana. Waliotengana hawaishi pamoja, lakini mbele ya sheria bado ni mume na mke. Waliotalikiana wamevunja ndoa yenyewe, na kila mmoja ni mtalaka wa mwenzake. Kadhalika, Mkenya husema "ushuru wa mapato", na akisikia "kodi" huenda akafikiria kwanza pango la nyumba. Wengi wa Uganda na Tanzania husema "kodi ya mapato". Katika insha hii nitatumia "kodi" kwa pande zote mbili.

Kodi iliyohesabu mapaa

Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni haikuuliza mtu amepata kiasi gani. Ilihesabu nyumba. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba kwa mwaka, na utozaji wa namna hiyo ukasambazwa kuelekea mashariki. Wakati huo eneo ambalo leo ni Busia ya Kenya lilikuwa bado sehemu ya Uganda. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa Kenya. Hivyo jamaa waliokuwa chini ya serikali moja wakajikuta wamegawanywa: Wasamia huku na kule, Wateso huku na kule. Mpaka ulikuwa mpya, lakini kodi ya nyumba ilikuwapo pande zote mbili.

Tafakari neno "nyumba". Katika boma la mume mwenye wake wengi, kila mke alikuwa na nyumba yake. Hata leo tunasema "nyumba kubwa" na "nyumba ndogo" tukiwa na maana ya wake. Karani aliyehesabu mapaa alikuwa, kwa hakika, akihesabu wake. Lakini aliyeandikwa kwenye daftari alikuwa mume. Mwenye wake watatu alidaiwa kwa nyumba tatu, ingawa kazi iliyotoa fedha hizo mara nyingi ilifanywa na wanawake wale wale ambao majina yao hayakuandikwa.

Je, mke akiondoka? Kwa mantiki ya kodi ile, alikuwa amehama daftari. Akirudi kwa wazazi na kujengewa kibanda huko, kibanda hicho kilihesabiwa katika boma la baba au kaka. Mwanamke aliweza kumwacha mume, lakini hakuweza kuonekana peke yake mbele ya mtoza kodi. Alitoka chini ya jina la mwanamume mmoja akaingia chini ya jina la mwingine.

Watu hawakunyamaza. Desemba 1921, katika mkutano uliofanyika Lundha, Gem, kusini mwa Busia, chama kilichojulikana kama Piny Owacho kilipaza malalamiko ya watu wa Nyanza, kodi ikiwa miongoni mwayo. Baada ya vuguvugu la wakati huo, Kenya ikapunguza kodi hiyo kutoka shilingi 16 hadi 12.

Kodi iliyohesabu wanaume

Baadaye mkazo ulihama kutoka kwenye mapaa hadi kwenye vichwa: kila mwanamume mzima alidaiwa. Katika miaka ya 1950 Uganda ikawa na kodi ya madaraja, ambapo chifu na kamati yake walikadiria mali ya mtu na kumweka katika daraja fulani. Makadirio hayo yalikuwa na upendeleo mwingi. Januari 1960 hasira ililipuka katika wilaya ya Bukedi, iliyojumuisha eneo la Tororo. Nyumba za machifu zilichomwa, watu waliuawa, na serikali ikalazimika kuunda tume ya uchunguzi.

Wanawake wenye mshahara au biashara waliweza kutozwa kodi hiyo, lakini mke asiye na kipato chake hakudaiwa. Huenda ukasema, heri yake. Ndiyo, aliepuka kukimbizwa vichakani na askari wa kodi. Hata hivyo, stakabadhi ya kodi ilikuwa pia kama kitambulisho cha mtu mzima, na asiyekuwa nayo alibaki kujulikana kama mke wa fulani. Kenya iliifuta kodi ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Uganda iliiondoa mwaka 2005. Kwa hiyo babu wengi wa Tororo bado wana stakabadhi zao katika masanduku ya bati, lakini ni nyanya wachache walio nazo.

Mapato ya mke yalipoitwa ya mume

Kodi ya mapato yenyewe ilianza kutozwa Kenya mwaka 1937 na Uganda mwaka 1940. Mwaka 1952 maeneo ya Afrika Mashariki yakawa na sheria ya pamoja ya usimamizi wa kodi hiyo. Kielelezo kilitoka Uingereza, ambako tangu mwanzo wa karne ya 19 mapato ya mke yaliunganishwa na ya mume. Waingereza wenyewe waliacha utaratibu huo Aprili 1990 tu.

Ushirikiano wa Afrika Mashariki ulipoanza kuyumba, kila nchi ilichukua njia yake. Kenya ilitunga Sheria ya Kodi ya Mapato iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1974. Kifungu cha 45 cha sheria hiyo kilisema kwamba mapato ya mwanamke aliyeolewa na anayeishi na mumewe yatahesabiwa kuwa mapato ya mume. Mke angeweza kuwa daktari au mwenye duka kubwa, lakini mbele ya mtoza kodi mwenye mapato ni mume. Marekebisho ya baadaye yalimruhusu mke kuwasilisha taarifa yake mwenyewe akitaka.

Zingatia maneno "anayeishi na mumewe". Uzito wote wa suala letu umo humo. Sheria ilieleza kwamba mke atachukuliwa kuwa anaishi na mumewe isipokuwa katika hali tatu. Ya kwanza: wametengana kwa amri ya mahakama au kwa mkataba wa maandishi. Ya pili: wametengana katika mazingira yanayoonyesha kuwa utengano huo huenda ukawa wa kudumu. Ya tatu: mke ni mkazi wa Kenya kwa mujibu wa sheria ya kodi, na mume si mkazi.

Hali ya kwanza inahitaji karatasi. Ya pili inahitaji ushahidi, na hapo ndipo wengi hukwama, kwani nani atathibitisha kuwa mume aliyeondoka kwa hasira hatarudi? Hali ya tatu, ingawa iliandikwa mbali na Busia, inafanana sana na maisha ya mpakani.

Ukazi katika kodi hautegemei uraia. Aliye na makazi ya kudumu Kenya ni mkazi, mradi awe amekanyaga Kenya mwaka huo. Asiye na makazi hayo huhesabiwa siku: akikaa siku 183 au zaidi katika mwaka, ni mkazi, vilevile kama katika mwaka huo na miwili iliyotangulia amekaa kwa wastani wa zaidi ya siku 122. Sasa mchukue mume mwenye makazi ya kudumu Tororo, asiye na makazi kama hayo Kenya, anayekuja Busia kumwona mkewe Jumamosi na Jumapili. Siku mbili kwa wiki 52 ni siku 104. Si mkazi. Akianza kuja tangu Ijumaa, siku tatu kwa wiki zinakuwa 156, na akiendelea hivyo miaka mitatu amekuwa mkazi. Yaani, wanandoa wanaopendana wangeweza kuhesabiwa kama wasioishi pamoja, na wanaochukiana chini ya paa moja wakahesabiwa kama wanaoishi pamoja. Sheria ilipima siku na karatasi. Mapenzi hayakuwa na safu katika fomu.

Nambari 45 mbili

Uganda ilitunga sheria yake mpya ya kodi ya mapato mwaka 1997, na humo kila mtu hutozwa kwa mapato yake, awe ameoa, ameolewa au la. Miaka miwili kabla, Katiba ya 1995, katika Ibara ya 31, ilikuwa imetamka kuwa mume na mke wana haki sawa katika ndoa na wakati wa kuvunjika kwake.

Kenya ilipata Katiba mpya mwaka 2010. Ibara yake ya 45 inasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, wakati wa ndoa na wakati wa kuivunja. Ona sadfa hii: kifungu cha 45 cha sheria ya kodi kilimfunika mke kwa jina la mume, na Ibara ya 45 ya Katiba ikamfunua. Mawili hayo hayawezi kukaa pamoja kwa amani, na ikibidi kuchagua, Katiba ndiyo mama wa sheria. Kimatendo, leo kila mwenye nambari ya kodi, PIN kwa Kenya na TIN kwa Uganda, hujibu kwa nambari yake.

Upande wa Tororo, mjadala wa nani anadaiwa nini ndoa ikifa ulichukua sura nyingine pia. Mwaka 2001 wilaya ya Tororo ilifanya kura ya maoni kuhusu mahari. Shirika la MIFUMI, lenye chimbuko lake huko huko, likapeleka suala hilo mahakamani, na Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikupigwa marufuku. Kilichokatazwa ni kuifanya deni linalomfunga mwanamke ndani ya ndoa asiyoitaka.

Mahari si kodi. Nimeitaja kwa sababu hoja iliyo chini yake ni ile ile. Tangu karani wa rupia 3 hadi fomu ya 1974, mwanamke alionekana kupitia hesabu za mwanamume. Sheria za sasa zinamwona mwenyewe. Hiyo ni haki, lakini haki hiyo imekuja na mzigo wake: anayeonekana mwenyewe hujibu mwenyewe.

Kisa cha shangazi

Mzigo huo niliujua kupitia shangazi yangu. Alikuwa na duka la vitenge Busia. Makaratasi yote yalikuwa mikononi mwa mumewe, na nambari ya kodi aliichukuliwa na mumewe walipokuwa wakitafuta mkopo. Walipotengana, mume akahamia karibu na Tororo. Hawakwenda mahakamani, hawakuandikiana kitu. Wazee walikaa, chai ikanywewa, kila mtu akashika njia yake.

Miaka kadhaa baadaye shangazi alihitaji hati ya kuthibitisha kwamba hana deni la kodi, ili apate zabuni ya kushona sare. Akaambiwa kuwa hajawahi kuwasilisha taarifa hata moja, na kwamba faini zimerundikana kwa jina lake. Alinipigia simu akilia. "Mwalimu," akaniambia, maana huniita hivyo tangu nihitimu chuo, "mimi nilidhani yeye ndiye aliyekuwa akinijibia."

Sikuwa na la kumwambia ila ukweli. Hakuna aliyemjibia. Mumewe hakuwa na wajibu wa kuwasilisha taarifa ya mapato ya duka lake, na mtoza kodi hakuwa na namna ya kujua kilichosemwa mbele ya wazee. Alilipa kidogo kidogo. Zabuni ilikwenda kwa mwingine.

Mambo ya kukumbuka

Kwanza, utengano haukuondolei wajibu. Nchini Kenya mwaka wa mapato ni Januari hadi Desemba, na taarifa huwasilishwa kabla ya kupita tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Mtu binafsi anayechelewa hutozwa faini ya 5% ya kodi anayodaiwa au shilingi 2,000, kutegemea ipi ni kubwa. Uganda mwaka wa mapato huanza Julai na kuisha Juni, na taarifa huwasilishwa ndani ya miezi sita, yaani kufikia mwisho wa Desemba. Wanandoa waliotengana kuvuka mpaka wana kalenda mbili, na kila mmoja afuate yake.

Pili, mali inapogawanywa, wakati na karatasi vina maana. Kenya ilirudisha kodi ya faida itokanayo na mauzo ya mali mwaka 2015 kwa kiwango cha 5%, na tangu Januari 2023 kiwango ni 15%. Uhamisho wa mali kati ya mume na mke hautozwi kodi hiyo. Kati ya watalaka pia hautozwi, mradi uwe sehemu ya makubaliano ya talaka au ya mkataba wa kweli wa utengano. Uganda nayo haihesabu faida katika uhamisho wa namna hiyo. Lakini mtalaka akikuhamishia kiwanja miaka mitatu baada ya talaka, na kiwanja hicho hakikutajwa popote katika makubaliano, msishangae mkidaiwa.

Tatu, fedha za matunzo zisichanganywe na mapato mengine. Kwa sheria ya Uganda, anayepokea matunzo kwa amri ya mahakama au kwa mkataba wa maandishi wa utengano hatozwi kodi kwa fedha hizo, na anayelipa hawezi kuzipunguza katika mapato yake. Ona tena neno linalorudi: maandishi. Makubaliano ya wazee yana heshima yake, nami siyadharau, lakini yakiisha kunenwa yaandikwe na kutiwa saini.

Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ili msafiri na mzigo wake wakaguliwe mara moja badala ya mbili. Ndoa hazina kituo kama hicho. Anayetoka katika ndoa hukaguliwa na wengi, kila mmoja kwa wakati wake: mahakama, wazee, benki, mtoza kodi. Ndiyo maana ninawaambia wanafunzi wangu, wavulana kwa wasichana, kwamba kuijua nambari yako ya kodi na kuisoma taarifa yako kabla ya kutia saini si kukosa imani kwa mwenzako. Shangazi sasa huwasilisha taarifa yake kila mwezi wa Februari, miezi minne kabla ya tarehe ya mwisho, na hukaa nami mezani kuhakikisha kuwa kila tarakimu ameijaza kwa mkono wake.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti kati ya kutengana na kutalikiana, kisha utunge sentensi mbili kwa kila neno.
2. Kwa nini mwandishi anasema karani aliyehesabu mapaa alikuwa akihesabu wake?
3. Mume asiye na makazi ya kudumu Kenya alikaa Busia siku 100 mwaka wa kwanza, 130 wa pili na 145 wa tatu. Je, katika mwaka wa tatu ni mkazi? Onyesha hesabu yako.
4. Mhoji mzee mmoja wa kwenu kuhusu stakabadhi za kodi za zamani. Andika aya mbili kuhusu jina lililoandikwa humo, na majina ambayo hayakuandikwa.